Udongo Tuliouosha Igunila

Siku ya kuniaga pale ofisini Tabora walinipa zawadi ya jiwe. Lilikuwa jiwe la itale, kubwa kama boga dogo, limesuguliwa kwa brashi na sabuni, limepakwa vanishi, limekalishwa juu ya kibao cha mninga chenye jina langu, Rajabu Athumani. Watu walipiga makofi. Nililigeuza upande huu na upande ule nikitafuta mahali palipovunjwa, nisipaone, nikamrudishia kijana aliyeniletea. Nilimwambia jiwe hili silijui. Wengine walicheka wakidhani mzee anatania, na mkubwa wa ofisi akamaliza chai yake haraka haraka.

Sikutania. Wiki ile ile ilikuwa imefika amri kutoka makao makuu kwamba sampuli zote za udongo na mawe kutoka visimani zioshwe vizuri kabla ya kutumwa, kwa kuwa ofisi mpya ina sakafu ya kung'aa na makabati ya vioo. Amri hiyo niliisoma nikiwa tayari nimekwisha kukabidhi funguo. Kwa hiyo hotuba ya shukrani niliyoombwa sikuitoa, na badala yake nawaandikia haya ninyi vijana mnaobaki kwenye mashine za kutoboa visima. Yasomeni, halafu mkitaka kuosha, osheni. Ila msije mkasema hamkuambiwa.

Juu ya vyeo na mishahara sina la kusema. Vyeo vyangu vilikuwa vifupi, na mshahara ulijua zaidi njia ya kutoka nyumbani kuliko njia ya kuingia. Yenye kunifaa kuandika ni mengine.

Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, mtaa wa hapo hapo Tabora. Baba yangu alikuwa seremala, fundi wa milango na vitanda, na niliingia kazi hii kwa sababu ya masanduku. Idara yetu ya visima ilimwagiza atengeneze masanduku marefu, membamba, yenye vyumba vidogo vidogo ndani. Baba alimuuliza aliyeleta agizo, "Mtatia nini humu, vifaranga?"

"Udongo," yule mtu akasema.

"Udongo wenye dhahabu?"

"Udongo tu, mzee."

Baba aliyatengeneza vizuri kama alivyotengeneza kila kitu, lakini kila akipiga randa alikuwa akinung'unika kwamba serikali imekosa kazi. Mimi nilikuwa kijana mkubwa tayari, nimeota ndevu, sina shughuli. Nikayabeba masanduku hadi kambi ya mashine iliyokuwa nyuma ya mtaa wa Chemchem, na sikurudi tena kwenye randa.

Kambini nilimkuta Yosefu Mhoja. Huyu ndiye mwalimu wangu, na kama kuna jambo lolote la maana katika maandishi haya, limetoka kwake. Alikuwa Mnyamwezi Mkatoliki, amesoma seminari ya Kipalapala kwa nia ya kuwa padre, akaacha kabla ya kufika mwisho. Wapo waliosema aliacha kwa sababu ya mwanamke, na wapo waliosema ni kwa sababu ya maswali. Nilifanya naye kazi miaka mingi na naelekea upande wa maswali, ingawa mkewe naye alikuwa mzuri. Pale kambini yeye ndiye aliyesimamia sampuli, yaani kila tope na kila chembe ya jiwe iliyotolewa shimoni ilipita mikononi mwake.

Siku ya kwanza aliniambia, "Niletee jiwe lolote." Nikapanda kilima kidogo cha karibu, nikamletea jiwe jeusi, zito.

"Jiwe gani hili?"

"Jiwe jeusi, Kaka Yosefu."

Akanipa nyundo. Nilipiga mara kadhaa mpaka likapasuka, na ndani lilikuwa jeupe lenye madoa. Weusi ulikuwa ngozi tu, nyembamba kuliko ganda la yai. Akauliza weusi umekwenda wapi, nikaanza kuutafuta kwenye vipande.

"Jua, mvua na ukungu unaoota juu ya mawe vimelivika kanzu," akasema. "Wewe umenisomea kanzu. Hapa kwetu tunavunja kwanza, ndipo tunasema."

Tangu siku hiyo sijawahi kulitaja jiwe kwa jina kabla ya kuliona ndani, na ndiyo maana lile la vanishi lilinishinda.

Halafu akaniketisha na kunionyesha punje za itale moja moja, kwa lenzi yake ndogo aliyoifunga shingoni kwa uzi. Zipo punje zinazong'aa kama kioo. Zipo nyeupe zenye wekundu kidogo. Zipo za ulanga, vibamba vyeusi vinavyobanduka kwa ukucha. Unyamwezi karibu wote umelala juu ya jiwe hili, na jiwe hili linaoza. Ndiyo, jiwe linaoza, tena bila harufu. Maji ya mvua yakipenya kwa miaka ambayo hakuna babu aliyeihesabu, punje zile nyeupe hulainika zikawa udongo wa mfinyanzi. Punje za kioo hazilainiki, hubaki mchanga. Kwa hiyo ukichimba kwetu unakuta kwanza ardhi nyekundu, kisha jiwe lililooza kabisa, kisha lililooza nusu, kisha jiwe zima ambalo patasi ya mashine hulia juu yake. Maji ya kisima hukaa humo katikati. Pakiwa na mfinyanzi mwingi, maji yamo lakini hayatoki, kama maji yaliyo ndani ya unga uliokandwa. Jiwe likiwa zima mno, hayana pa kukaa. Kazi yetu yote ilikuwa kutafuta mahali palipooza kwa kiasi. Nimetumia maisha yangu kutafuta uozo wa kiasi, na sioni haya kusema hivyo.

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Kila tope likitolewa alikuwa akiniuliza maswali mawili, na alikataa nijibu yote mawili kwa pumzi moja. "Umeona nini?" Nikisema nimeona maji karibu, alinikatiza. "Hayo unayadhani. Nimekuuliza umeona nini." Basi naanza upya: tope jeupe, linateleza vidoleni, halina mchanga. Ndipo aniulize, "Sasa unadhani nini?" Mwanzoni niliona ni usumbufu wa mtu aliyekosa upadre akataka kuungamisha watu. Baadaye nilielewa kwamba watu wengi wenye akili zao wamepotea kwa kuvichanganya vitu hivi viwili, wakaja kuapa kwamba wameona kile walichokidhani.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache: nyundo, kisu, lenzi, karai, na ulimi. Ukitaka kujua kama udongo una mchanga mwembamba usioonekana, weka kidogo kwenye meno. Mfinyanzi mtupu unateleza kama siagi, na mchanga unakwaruza. Kwa njia hii nimekula sehemu kubwa ya Jimbo la Magharibi, na tumbo langu halijapata kulalamika kama linavyolalamika kwa vyakula vya karamu za kuagana.

Msimamizi wa mashine alikuwa Mwingereza mmoja, na watu walimwita Bwana Safi. Lori lake lilioshwa, buti zake zilioshwa, hata kamba za chuma alitaka zipanguswe. Siku moja ofisi ilimlalamikia kwamba masanduku ya udongo yanachafua makaratasi. Akatoa amri: kila sampuli ioshwe kwenye karai mpaka maji yatoke safi, ndipo itiwe sandukuni. Mhoja aliuliza kwa nini. Bwana Safi alisema, "Ofisi inataka kuona mawe, haitaki tope." Kwa siku zile lilionekana jambo dogo. Niliosha mimi, na wenzangu wakaosha, na masanduku ya baba yangu yakapendeza kama kabati la sonara.

Ndipo tukapelekwa Igunila.

Hamtaiona Igunila kwenye ramani zenu nyingi. Iko magharibi, kwenye njia ya zamani ya misafara iliyokwenda Ujiji, mahali ambapo wapagazi walikuwa wakipumzika na kuchimba vishimo vya maji. Vishimo hivyo vilikuwapo bado, lakini maji yalikaa miezi ya mvua tu, kisha wanawake wakayafuata mbali. Miaka ile palikuwa na ugonjwa wa malale, na watu wa boma walikuwa wanahamisha vijiji vilivyotawanyika porini kwenye mbung'o, wanawakusanya watu mahali pamoja palipofyekwa, katika nyumba za mistari. Kijiji chenye maji ya kutosha mwaka mzima kiliweza kusalia na wengine wakaletwa kwacho. Kisicho na maji kilihama. Igunila waliomba kisima kimoja, na Bwana Shauri, mtawala wa wilaya pale bomani, akakubali kimoja. Hapo ndipo tulipofika na mashine yetu, na kila mtu pale alijua kwamba shimo likikauka, kijiji kimekwisha.

Mama Kalunde ndiye aliyetupokea. Alikuwa mjane, mkunga, Mmoraviani asiyekosa sala, na nyumba yake ilikuwa jirani kabisa na mahali tuliposimamisha mnara wa mashine.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye mashine?"

"Mashine ni ya serikali, mama. Mimi natazama udongo."

"Basi utazame vizuri." Alikuwa anachambua mboga, hakuinua uso. "Wanasema nitapewa kiwanja kule kwenye nyumba za mistari. Bibi yangu aliuza unga kwa wapagazi hapa hapa. Nimezika mume hapa, na watoto sitawataja. Nikihama, nani atawaamkia asubuhi?"

Nikaenda kutazama udongo.

Tulitoboa. Patasi ilipanda na kushuka mchana kutwa, tope likatolewa kwa ndoo ile ndefu nyembamba, nami nikaosha kama ilivyoamriwa, na maji ya karai nikayamwaga kwenye mfereji mdogo ulioteremka kuelekea nyumba za watu. Masanduku yakaenda makao makuu kwa treni. Kule yalifika kwa mtaalamu wa miamba, Mwingereza kijana ambaye hatukuwa tumepata kumwona. Majibu yalirudi mazuri: katika kina fulani kuna mchanga safi wa punje kubwa, wekeni bomba lenye matundu hapo hapo, maji yatakuja. Tuliweka bomba. Tukafunga pampu, kijiji kizima kikasimama kutazama.

Maji yalikuja meupe kama uji. Wanawake walipiga vigelegele. Kisha yakawa mazito, kisha likaja tope tupu, kisha pampu ikakohoa hewa. Tulisafisha, tukajaribu tena, ikawa vile vile. Bwana Safi akaandika kwamba Igunila haina maji, na jibu la boma halikukawia: wakimaliza kuvuna, wahame.

Siku tuliyoambiwa tukunje vitu, Mama Kalunde alituita mimi na Mhoja kula. Nilidhani amekasirika, kumbe ndivyo alivyo, mgeni haondoki kwake na njaa hata kama ameleta msiba. Alitupa ugali wa mtama na mlenda. Nilipokuwa nanawa niliona ukuta wake. Siku tulipofika ulikuwa wa udongo mwekundu kama kuta zote za kule, na sasa ulikuwa mweupe, umelainishwa kwa kiganja kutoka chini mpaka juu.

"Mama, umepata wapi chokaa?"

"Chokaa nitaipata wapi mimi? Ni ile iliyotuama kwenye mfereji wenu. Wanawake wote tumechota. Tumepaka mpaka nyumba ya sala. Inashika kuliko ya mtoni."

Mhoja aliacha kula. Akainuka, akaukwaruza ukuta kwa ukucha, akatia mdomoni, akatafuna taratibu huku macho ameyafumba. Mama Kalunde akaniuliza kwa sauti ya chini kama mwenzangu hakushiba.

"Rajabu," Mhoja akasema, "umeona nini?"

Nikasema nimeona ukuta mweupe, wa mfinyanzi laini, usio na mchanga, na kwamba zipo kuta nyingine kama huo, na nyumba ya sala.

"Na mfinyanzi huu ulikuwa wapi kabla ya kuwa hapa?"

Hapo ndipo iliponiingia akilini. Ulikuwa shimoni. Ulikuwa umechanganyika na zile punje za kioo, na sisi tuliuosha, tukaumwaga mferejini, tukamtumia mtaalamu zile punje peke yake. Alisoma mchanga safi kwa sababu tulimpelekea mchanga uliosafishwa. Bomba tulilitia katikati ya mfinyanzi mtupu, kisha tukashangaa kuona limeziba. Nusu ya ukweli wa Igunila ilikuwa sandukuni, na nusu nyingine wanawake walikuwa wameipaka ukutani.

Tulimwendea Bwana Safi. Sitamfanya shetani. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, aliwafunga watu vidonda kwa mikono yake mwenyewe. Lakini alikuwa ameandika tayari, na kwake kilichoandikwa kilikuwa kimekwisha. Alisikiliza, akasema, "Ukuta si sampuli. Mnara ushuke Jumatatu."

Lori lilikuwa linakwenda Tabora kuchukua mafuta. Mhoja akamwomba Mama Kalunde kipande cha ukuta wake ili akipeleke mwenyewe makao makuu. Mama hakuuliza mara mbili. Alichukua jembe, akaubandua ukuta alioutengeneza kwa mikono yake, pande kubwa kama karai, akaliviringisha kwenye kanga. Mhoja akaongeza kopo la tope lililobaki kwenye ndoo, halijaoshwa, akapanda lori bila ruhusa ya mtu.

Jumatatu ikafika naye hajarudi. Bwana Safi akaniamuru nianze kulegeza kamba za mnara. Nikaweka spana chini.

"Sishushi, Bwana."

"Umesema nini?"

"Nimesema sishushi. Tulichoandika hapa si kweli, na mnara ukishuka hautapanda tena."

Mtu mweusi kumwambia hapana Mzungu aliyemwajiri, siku zile, halikuwa jambo la kuchezea. Wenzangu walitazamana, kisha mmoja baada ya mwingine wakakaa chini. Wanawake wa Igunila hawakuelewa yote tuliyosema lakini walielewa spana ilipolala. Walikuja na vyungu vyao na mafiga yao wakapika chini ya mnara, Mama Kalunde akiwa katikati, na akatangaza kwamba hapo ndipo jikoni kwake tangu leo. Bwana Safi alisema nitalala jela. Nikamwambia jela ya Tabora iko karibu na kwetu, mama yangu ataniletea chakula. Alichukua pikipiki yake akaenda boma kuleta askari.

Kabla askari hawajafika, lori lilirudi na Mhoja, na pembeni yake ameketi yule mtaalamu kijana. Alikuwa mwembamba, kofia kubwa kumpita, na watu wakampa jina la Bwana Kokoto siku hiyo hiyo. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akabandua, akatafuna. Mama Kalunde akasema, "Na huyu pia?"

Kisha Bwana Kokoto akaniita, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Umeona nini?" Nikamtazama Mhoja, na Mhoja akatazama kando, lakini nilimwona anatabasamu. Nilieleza yote. Bwana Kokoto akasema, "Nilisoma sawa kitu kilichokwisha kuharibika. Msinitumie tena kilichooshwa." Nilifurahi, nikadhani tumeshinda. Akaongeza, "Lakini ukuta huu unanieleza kwa nini bomba liliziba. Haunielezi kama chini ya mfinyanzi kuna maji. Mnadhani, mimi nadhani. Sharti tujaribu, na kila mmoja aseme sasa hivi, mbele ya watu, anatazamia nini, ili akikosea aonekane amekosea."

Sijapata kusikia amri nzuri kama hiyo katika kazi yangu yote. Mimi nilisema maji yatakuwa mara tu baada ya mfinyanzi. Mhoja alisema yatakuwa chini zaidi, karibu na jiwe zima, pale lilipopasuka bila kuoza sana. Bwana Kokoto alisema anaogopa hakuna maji popote, ila kuogopa si kujua.

Mama Kalunde akamgeukia. "Wewe uliyesoma Ulaya, hujui?"

"Sijui, mama."

"Afadhali," akasema. "Aliyejua ndiye anayetuhamisha. Basi toboeni."

Tulihamisha mashine kidogo kando ya shimo la kwanza tukaanza upya. Safari hii kila tope lilikwenda sandukuni kama lilivyotoka, jeupe, linanuka, linachuruzika, na masanduku ya baba yangu yakawa machafu kama yalivyostahili kuwa. Tulipita mfinyanzi. Tukafika mahali nilipopataja mimi, pakavu. Tukaendelea, pakavu bado. Mhoja hakunicheka, alinitazama tu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Sauti ya patasi ikaanza kubadilika, ikawa kavu na kali. Ndoo ikaleta vipande vyenye ncha, ulanga ukiwa bado unang'aa ndani yake, na udongo kidogo tu. Niliweka kimoja kwenye meno kikanikwaruza mpaka machozi. Tuliacha shimo lipumzike, na tulipolirudia asubuhi maji yalikuwa yamepanda juu sana, yametulia, yanatutazama.

Pampu ilitoa maji meupe kwanza, nasi hatukupiga vigelegele. Yakaanza kutakata. Tulisukuma kutwa nzima na hayakupungua. Askari wa boma, waliotembea kwa miguu siku zote hizo, walifika mchana huo kutukamata, jua kali, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama Kalunde aliwapa maji, wakanywa, wakavua kofia wakanywa tena. Mkubwa wao akauliza ni nani wa kukamatwa. Bwana Kokoto akasema yeye ndiye aliyeamuru kazi iendelee, wamkamate. Hawakumkamata.

Na huyo Bwana Kokoto, aliyekuwa ameogopa kwamba hakuna maji, alikuwa anazunguka shimo anacheka peke yake, suruali imelowa. Sijaona mtu aliyefurahi vile kwa kukosea. Hapo niliijua kazi hii ni kazi gani, na nikaipenda mpaka leo.

Igunila haikuhama. Vitongoji vya jirani vililetwa kwake. Amri ya kuosha ilifutwa. Mimi nilihamishwa mwezi uliofuata, nikapelekwa mbali kwenye mashine kongwe kuliko zote, ili nijifunze adabu. Niliijua mashine ile vizuri sana, na adabu sikujifunza. Mhoja alibaki Tabora mpaka alipofariki, na nyundo yake aliniachia mimi. Mpini nimeubadilisha, baba yangu aliuchonga kabla macho hayajamshinda.

Msidhani nawaambia kwamba ukikataa kuosha maji yatatoka. Nimetoboa mahali pengi ambapo tope lilitumwa chafu kama lilivyo, tukasoma vizuri, na hapakuwa na kitu. Nimesimama mbele ya wazee nikawaambia hakuna, nami nimewaangalia usoni. Inauma, lakini wale walihama kwa sababu ya ukweli. Watu wa Igunila walikuwa karibu wahamishwe kwa sababu ya usafi wetu, na hilo sitalisamehe hata nikiambiwa ofisi sasa ina vioo.

Wiki iliyopita nilikwenda Igunila, na amri mpya nimeikunja mfukoni. Mama Kalunde amekuwa mkongwe, anaona kwa shida. Nilimwamkia, akanijua kwa sauti.

"Marahaba. Huyu ni mla udongo."

Nyumba yake imepakwa udongo mwekundu mara nyingi tangu siku zile, lakini lile shimo la ukutani alilobandua kumpa Mhoja amelikataza kuzibwa, na pembezoni mwake tabaka jeupe linaonekana bado chini ya mekundu. Nilimsomea amri.

"Aliyeandika amewahi kufika hapa?"

"Hajafika, mama."

Alimwomba mjukuu wake jembe. Nilitaka kumsaidia akanisukuma kando. Alipapasa ukuta mpaka akapata ukingo wa lile shimo, akapiga, akabandua pande la pili, jekundu juu na jeupe chini, akanitilia mikononi pamoja na vumbi lake.

"Mpelekee," akasema. "Na akihitaji jingine, ukuta bado ninao."

Jana nimelipeleka ofisi mpya ya makao makuu. Nimepita nalo juu ya sakafu ya kung'aa, likidondoka njia nzima, nikaliweka juu ya meza ya mkubwa aliyeandika, juu ya amri yenyewe. Liko hapo. Atakayetaka kuliosha aniite kwanza, nije nitazame maji yake yanakokwenda.